Bi Riyama Usi Ahmada na Ubavu wa Nyangumi Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Masheikh wetu, wazee wa Uroa, jamaa na marafiki mliotoka mjini, na kina mama mliomo ndani mnaosikia kwa kipaza sauti, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hitma imeshasomwa na dua imeshaombwa. Sasa nimepewa nafasi ya kumtaja marehemu dada yangu, Bi Riyama Usi Ahmada, aliyetutangulia Jumanne iliyopita na kuzikwa siku hiyo hiyo hapa kijijini. Mimi ni mdogo wake, Suhaib. Wengi mnanijua kwa duka la misumari na rangi pale Mlandege. Kusoma mbele ya watu si kazi yangu, na marehemu alikuwa akinicheka kila nikishika karatasi hadharani. Lakini mwenyewe ndiye aliyenichagua, na safari hii sina wa kubishana naye.

Kabla sijaanza, naona macho yenu yanarudi kwenye mkeka ulio hapa kando yangu. Kilicholala pale, kikafunikwa kanga ya marehemu, ni ubavu mmoja wa nyangumi. Mpaka jana asubuhi ulikuwa umesimama kaburini kwa marehemu baba yetu. Kesho, Mungu akipenda, utakuwa mjini Malindi, kwenye Makumbusho ya Viumbe, alikofanya kazi dada yetu zaidi ya nusu ya umri wake. Kuutoa pale na kuupeleka kule kumeleta mvutano ndani ya ukoo wetu. Baadhi yenu mmeusikia kwa pembeni, na mliousikia kwa pembeni mmesikia nusu yake. Nitaueleza mahala pake. Naomba mnivumilie nianze mwanzo.

Marehemu alizaliwa hapa Uroa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa Mzee Usi Ahmada, fundi wa mashua, na Bi Mwamvua Makame, msusi wa mikeka ya ukili. Alizaliwa asubuhi ya mvua ya kwanza ya masika. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia kwamba mtoto alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akisikiliza makuti yanavyonyeshewa. Mimi maneno ya mama kuhusu watoto wake huyapokea kwa tahadhari, kwa sababu na mimi alidai nilizaliwa nikicheka. Lakini hili la Riyama na mvua siwezi kulikana, maana nimeishi nalo.

Baba alijengea mashua zake bandani, nyuma ya nyumba hii. Wakati mataruma, ile miti iliyopinda ya kushikilia mbao, yameshasimama na mbao zenyewe bado hazijapigwa, mashua huwa kama mbavu tupu, mwanga unapita katikati. Hapo ndipo dada yangu alipopapenda. Alikuwa akiingia ndani, akalala chali juu ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua nzima, akatazama yale mataruma yanavyopanda kila upande, akapotelewa na fahamu za dunia. Akitafutwa kwenda kuchota maji haonekani. Mama alikuwa akiita, "Riyama!" Sauti ikitoka bandani: "Naam." "Uko wapi weye?" "Nimo ndani ya samaki." Baba akicheka mpaka anaweka tezo chini. "Si samaki huyo, mwanangu, ni mashua." Naye akijibu bila ya kuinuka, "Itakuwa mashua ukishapiga mbao, baba. Sasa hivi bado ni samaki." Alikuwa na miaka mitano au sita, na kwa kadiri nijuavyo hakuwahi kuyabadilisha mawazo yake juu ya jambo hilo.

Alianza Skuli ya Uroa mwaka 1973. Mwalimu wake mmoja alikuja nyumbani kulalamika kwamba mtoto ana akili lakini anaota mchana. Baba alimpa chai, akamsikiliza vizuri, kisha akamuuliza, "Usiku analala fofofo, mwalimu. Sasa huyu ataota saa ngapi?" Mwalimu alikunywa chai yake akenda zake. Baadaye marehemu alihamia mjini kwa shangazi yetu Mlandege akasoma sekondari, na kutoka hapo akenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusomea elimu ya wanyama. Alihitimu mwaka 1990. Barua alizotuletea kutoka huko zilikuwa fupi na zimejaa vyura. Baba hakujua kusoma herufi za kizungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea habari za vyura baada ya Magharibi, naye akisikiliza kwa adabu yote, halafu akiuliza, "Yeye mwenyewe lakini anakula?"

Alisomesha elimu ya viumbe kwa miaka mitatu katika skuli moja ya mjini, na mwaka 1993 akaajiriwa Makumbusho ya Viumbe. Walio wageni na pahala pale niwaeleze kidogo. Ni bohari la zamani la karafuu, refu, paa lake la bati liko juu sana, sakafu yake ya saruji imelainika kwa miguu ya wachukuzi. Karafuu zenyewe zimeondoka siku nyingi, lakini kuta hazijazisahau. Ikinyesha mvua na hewa ikapoa, kuta zinatoa harufu, kwanza kidogo, halafu mpaka unaisikia kooni. Dada yangu alipoingia pale mara ya kwanza ilikuwa masika. Alikuja nyumbani usiku ule akatuambia, "Nshapata pa kukaa," na mama akadhani anasema kuhusu nyumba ya kupanga.

Katika bohari lile alianzisha Wiki ya Masika, ambayo ndiyo iliyomjulisha Unguja nzima. Kila mwaka mwezi wa Aprili, wakati watu wengine wa makumbusho wanalalamika kwamba mvua imezuia wageni, yeye alikuwa akiwaita. Alikuwa na sanduku la kioo la kumbikumbi wanaoota mbawa. Alikuwa na vyura wa mitini ambao ukiwatazama sana wanakutazama na wao. Alipanga mitungi midogo ya udongo, wa Uroa, wa Mtoni, wa Bumbwini, wa Jozani, na kila mtoto alipewa tone la maji alidondoshe mtungini, ainamishe pua, anuse mvua ya kwanza ya pahala hapo. Watoto wa mjini walikuwa wakisema udongo wa Uroa unanuka chumvi. Yeye akiwajibu kwamba na watu wake pia.

Lakini jambo lenyewe hasa lilikuwa mikeka. Alitandika mikeka aliyosuka mama, katikati ya bohari, chini ya paa. Ukifika hapo unavua viatu, unalala chali, unafumba macho, unasikiliza bati. Hapana maelezo, hapana mwongozaji. Ukichoka kusikiliza unafumbua macho, na juu yako wananing'inia ndege wa baharini, mbawa wazi, wanayumba kidogo kwa upepo wa milangoni. Watu wengi wameniambia kwamba hawakumbuki walichokisoma pale makumbusho, lakini wanakumbuka walivyolala. Mwaka mmoja alikuja mheshimiwa, jina lake nalihifadhi, na suti yake na walinzi wake, afungue wiki kwa hotuba. Bi Riyama alimwonesha mkeka kwa heshima zote. "Mheshimiwa, viatu huku, kichwa kule." Mvua ya siku ile ilikuwa nzuri. Hotuba ilichelewa sana, kwa sababu mwenye kuitoa alikuwa anakoroma, na walinzi hawakujua kama kazi yao inawaruhusu kumwamsha.

Aliolewa tarehe 2 Disemba 1995 na Bwana Shamsi Kombo wa Mtoni, dereva wa lori, aliyekaa pale mstari wa mbele na ambaye ameniruhusu kuyasema haya. Bwana Shamsi alimkuta chatu karibu na magofu ya kasri, amejikunja juani, na badala ya kumuua kama walivyotaka wenzake alimtia kwenye gunia la mchele, akamleta makumbusho. Alitegemea ashukuriwe. Dada yangu alilifungua gunia, akamtazama chatu, akamtazama na dereva, akasema, "Huyu ana kwao. Mrudishe ulikomtoa." Bwana Shamsi akasema atamrudisha. "Nnakuja na mie," akasema dada, "nione kama kweli unamrudisha." Walikwenda pamoja ndani ya lori, gunia katikati yao. Wachumba wengine huleta posa kwa sinia na msururu wa maneno. Huyu shemeji yangu alianzia na gunia. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Muzdalifa na Junaid, na nyumba ya Mtoni ambayo haikuwahi kukosa kiumbe fulani aliyekuwa akipumzika kabla ya kurudishwa kwao.

Sasa nafika kwa nyangumi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2009 nyangumi mchanga alikufa baharini na maji yakamleta pwani yetu. Wengi wenu mlikuwapo. Wengine walitaka akatwe, wengine walitaka avutwe arudishwe majini, na harufu ilikuwa haisubiri mabishano. Dada yangu alikuja kutoka mjini na lori la mumewe, akawaomba wazee wampe ruhusa azikwe kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji, mpaka nyama iishe na mifupa isafike. Kijiji kilimzika kwa majembe, kwa mikono, kwa sufuria. Mwezi wa Januari 2012, kaskazi inavuma na mchanga umekauka, tulimfukua. Mifupa ililetwa hapa hapa uwanjani, ikaoshwa, ikaanikwa, ikaegemezwa kwenye ukuta wa banda la baba.

Siku zile baba na binti yake walikuwa na raha ambayo sijaiona tena mahala popote. Dada alijua jina la kila mfupa. Baba alijua namna kitu chenye mbavu kinavyosimama. Uti wa mgongo baba aliuita mkuku, mbavu akaziita mataruma, na dada baada ya siku mbili na yeye akawa anasema hivyo hivyo. Baba aliupanga mkuku chini na mataruma juu, akarudi nyuma, akaridhika. "Huyu kajengwa vizuri," akasema. Dada akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, umempindua. Mgongo wake uko juu, mbavu zinashuka." Baba alifikiri sana. "Kumbe ni mashua iliyogeuzwa," akasema. "Basi mtakaomtundika, mtundikeni hivyo. Watu wakilala chini yake watakuwa wamo ndani." Dada yangu aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua mikeka yake ilikuwa ikimsubiri nani.

Baba hakuwahi kumwona ametundikwa. Alifariki ghafla alfajiri ya Jumatatu, tarehe 19 Machi 2012, na mvua ya kwanza ya mwaka ule ilianguka siku hiyo. Mimi nilikuwa Dar es Salaam kununua mali ya duka, na nilipowasili maziko yalikuwa yamekwisha. Kina mama, kama ilivyo ada yetu, hawakwenda makaburini. Watu walijaa uwanja huu, vitu vikasogezwa ili mikeka itandikwe, mifupa ikasukumwa pembeni. Mzee Kheir, jirani yetu na rafiki wa baba tangu utotoni, alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Kaburi lilipofukiwa alirudi mbio na mvua kutafuta kitu cha kusimamisha kichwani pawe na alama, shahidi wa kaburi. Akaona ukutani kipande kirefu, kimepinda, kijivu. Akajua ni taruma, limetoka kwenye mashua ya marehemu, na akaona hakuna alama inayomfaa fundi kuliko hiyo. Alilichukua akenda akalisimamisha. Akarudi nyumbani ameridhika, na mimi nasema alikuwa na haki ya kuridhika, kwa sababu wazo lake lilikuwa zuri. Kilichokosewa ni kitu chenyewe. Hata mimi nilipozuru kaburi nilikiona, nikadhani ni taruma.

Arobaini ilipopita dada yangu alihesabu mifupa na akakuta ubavu wa saba wa kushoto haupo. Alitafuta uwanja mzima. Alitafuta chini ya banda, kwenye mchanga tulikomfukua, nyumba kwa nyumba. Alilia kwa ajili ya mfupa ule, na nadhani alikuwa analilia na mengine. Kisha siku moja alikuwa akipita njia ya pwani, ile inayopakana na makaburi, akageuza uso. Mfupa wake ulikuwa umesimama kichwani kwa baba.

Hakuuondoa. Wala hakumwambia Mzee Kheir, asije akaumia. Aliniambia mimi na mumewe tu, na akatutaka tunyamaze.

Nyangumi alitundikwa bohari la Malindi na kufunguliwa Wiki ya Masika ya mwaka 2013. Kulabu na nyaya zote zilitoka dukani kwangu, na nilitoa kulabu za mbavu zote, pamoja na ile ya ubavu wa saba. Wakubwa wa kazi walitaka pengo lizibwe kwa mfupa wa plasta, upakwe rangi, hapana atakayejua. Dada yangu alikataa. Walimwambia kwamba onesho lenye pengo ni aibu kwa makumbusho. Akasema aibu hiyo ataibeba yeye. Kulabu ile ikabaki wazi. Na watoto, mnawajua watoto, unaweza kuwaonesha nyangumi mzima na wao wakaona ule upungufu tu. Kila mwaka kutoka kwenye mikeka ilipanda sauti: "Bibi, mbona ubavu mmoja hamna?" Alikuwa akijibu, "Kauazima mtu." "Hajarudisha?" "Bado anautumia." Kuna siku mtoto mmoja wa kike alifikiri, akamuuliza, "Sasa yeye haumwi?" Marehemu alimtazama nyangumi, kisha akamwambia, "Anaumwa kidogo. Ameshazoea."

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yote iliyofuata. Kazini alitaka kitu kimoja, samaki wake awe mzima. Akija Uroa alitaka kitu kingine, akifika njia ya pwani augeuze uso auone ule mfupa. Vyote viwili asingeweza kuvipata, na alijua.

Maradhi ya moyo yalimwanza katikati ya mwaka 2023. Kwanza alichoka kupanda ngazi, halafu miguu ikavimba. Alitibiwa mjini, akapelekwa Dar es Salaam, akarudi, akapata nafuu, ikaondoka. Wiki ya Masika ya mwaka jana aliiendesha akiwa amekaa kwenye kiti. Siku ya mwisho aliomba ashushwe mkekani. Tulimshusha mimi na Bi Wanu, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ndiye anayesimamia maonesho, akalala chini ya nyangumi wake pamoja na watoto wa skuli. Mvua ilikuwa ndogo, ya kudondoka moja moja juu ya bati. Sikumwona kulala vizuri vile tangu tulipokuwa wadogo.

Mwezi wa Februari aliniita Mtoni. Nilimkuta barazani, amelala chali kwenye mkeka wa mama. Nikakaa karibu na kichwa chake.

"Suhaib," akasema, "Wiki ya Masika ya mwaka huu nnataka yule samaki awe mzima."

Nilijua anachosema. "Na baba?"

"Baba mpeni taruma lake. Siku zote hizi kasimamishiwa kitu cha mwenzake."

"Mbona hukusema zamani, dada? Sisi tungefanya."

"Mie ndo nilokuwa siwezi," akasema. "Nikipita pale nikiuona, nahisi baba na samaki wangu wamekaa pamoja, na mie nimo katikati. Nlikuwa nauhitaji. Lakini mkishanizika n'takuwa ubavuni pake mwenyewe. Siuhitaji tena. Wape watoto."

Kisha akaniambia, "Na siku ukinisomea, waelezee watu. Mwanzo Mzee Kheir, kwa taratibu." Nikamwambia asizungumze hivyo, bado yupo. Akasema, "Nipo, ndo maana nnakwambia."

Alifariki nyumbani Mtoni asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Aprili 2025. Muzdalifa alikuwa naye. Ilikuwa inanyesha. Alimwomba bintiye afungue dirisha, akaleta shahada, akasikiliza mvua, na pumzi zake zikawa ndogo mpaka hazikusikika. Alizikwa hapa Uroa baada ya Alasiri, pembeni ya baba, kama alivyousia.

Jumatano nilimwendea Mzee Kheir kwanza, kama nilivyoagizwa, nikamweleza kwa taratibu. Alisikiliza ameinama. Aliniuliza tu kama nina uhakika, nikamwambia marehemu alikuwa na uhakika. Kisha nikauleta wasia kwa ukoo, hapa hapa tulipokaa, na hapo ndipo ulipotokea mvutano mliousikia. Ami yetu, Mzee Abdulla, mdogo wa baba, alikataa. Alisema maneno yake na mimi nayasema mbele yake, kwa sababu yalikuwa ya haki: "Shahidi wa kaburi hang'olewi. Kaburi la kaka yangu si kabati la makumbusho." Sheikh alisema kwamba kisheria alama ni alama tu, na kitu cha baharini ni twahara, muradi kaburi lenyewe lisichimbuliwe. Ami akasema hajakataa kwa sheria, amekataa kwa moyo. Mimi nilikuwa na wasia wa dada mkononi na huzuni ya ami mbele yangu, na kwa kweli sikujua nishike lipi. Nilimwona Muzdalifa mlangoni anafuta macho, nikafikiri, siku chache tu milango ya bohari itafunguliwa, watoto watalala, watauliza, na hatakuwepo wa kuwaambia bado unatumika.

Mzee Kheir ndiye aliyesimama. Mnajua siku hizi anavyosimama, kwa mikono miwili juu ya fimbo. Akasema, "Abdulla, mie ndiye nilomsimamishia kaka yako ile alama. Nlimsimamishia taruma. Hayo ndiyo yalokuwa moyoni mwangu, fundi awekewe taruma. Sasa naambiwa nlimwekea mfupa wa samaki. Basi kaka yako hajapata taruma lake mpaka leo, na mie sijamaliza kumzika."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Nikalala sijui itakuwaje.

Jana baada ya Alfajiri nilisikia mlio wa msumeno bandani. Mashua ya mwisho ya baba, ambayo hakuwahi kuimaliza, bado imo mle, mbavu tupu, kuku wanatagia ndani yake. Nikatoka. Mzee Kheir alikuwa amekaa juu ya gogo na Ami Abdulla alikuwa ndani ya mashua, anakata taruma. Hakunitazama. "Usisimame hapo," akasema. "Shika upande wa pili lisipasuke." Tukalitoa pamoja. Tulikwenda makaburini sisi watatu na Sheikh. Ami aliukumbatia mfupa kwa mikono miwili, akautikisa pole pole, ukatoka bila ya taabu, na papo hapo taruma likashika pahala pake. Nusu ya juu ya ubavu imeota kijani cha ukungu. Nusu iliyokuwa ardhini ina rangi ya chai ya maziwa. Bi Wanu ameniambia kwamba hatausafisha. Atautundika kama ulivyo, na watoto wakiuliza kwa nini ubavu mmoja una rangi nyengine, wataelezwa.

Gari la makumbusho liko pale nje. Tukishakula, tutaupakia. Anayetaka kuugusa kabla haujaondoka na auguse, hapana ubaya. Kina mama tutawaletea ndani. Ami ameomba akae nao kwenye gari mpaka Malindi. Amesema kesho atalala mkekani, aone kaka yake alikuwa akicheka nini kule bandani.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru nyote mliobeba jeneza, mliochimba, mliopika, mliosoma, na mliotusubiri tukiwa tunabishana.

Marehemu Bi Riyama Usi Ahmada ameacha mume, Bwana Shamsi Kombo, watoto wawili, Muzdalifa na Junaid, wajukuu watatu, ami yake, Mzee Abdulla Ahmada, mdogo wake, ambaye ndiye mimi, na nyangumi mmoja, ambaye kuanzia kesho ni mzima.

Mola amjaalie usingizi mwema na mvua isiyokatika juu ya kaburi lake. Amin.